Ndengu za Mnada

Kila Jumamosi, baada ya kupiga deki, mama alikuwa akizitoa gambuti nyeupe za kaka chini ya kitanda, akizipangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha akizirudisha palepale, vidole vikitazama ukuta. Kaka alizivaa miaka mitatu kwenye kichinjio cha Dagoretti. Gambuti za kichinjioni hazivaliwi kwingine. Watu hujua ulikotoka kabla hujawasalimia. Alipoondoka aliziacha. Mama aliamini kwamba mtu hawezi kuacha viatu vyake vya kazi kama hana nia ya kurudi.

Mimi nilikuwa nikisimama mlangoni nikimtazama mpaka azirudishe. Ndani ya gambuti ya kushoto, chini ya magazeti ambayo mama alidhani yamewekwa ili kiatu kisilegee, kulikuwa na soksi. Ndani ya soksi kulikuwa na bastola.

Ilifika kwetu kwa njia ya kawaida kabisa. Mwenzake kaka, waliyekuwa wakichuna ngozi pamoja, alimwomba amwekee mfuko mpaka kesho. Kwetu mtu akikuomba umwekee mzigo huukatai, na ukishaupokea huufungui. Kesho hakuja. Siku ya tatu tukasikia amepigwa risasi ng'ambo ya reli, amekufa. Ndipo kaka alipoufungua ule mfuko.

Aliniambia mimi peke yangu. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu na yeye alikuwa ameanza kuniita Digrii kabla sijaipata.

"Digrii," alisema, tukiwa tumekaa kwenye kitanda chake na mlango umefungwa, "wewe ndiye umesoma. Tufanye nini?"

"Ngoja nifikirie," nikamwambia.

Kaka yangu, aliyenifundisha kuvuka barabara, kuchuna mbuzi na kudanganya kondakta, hakuwahi kuniuliza swali jingine kama hilo. Nami nilifikiria. Tukiitupa mtoni, watoto hucheza mtoni. Tukiitupa chooni, choo hunyonywa. Tukiizika, mbwa. Tukiipeleka kituo cha polisi, wataanza na "uliipata wapi?" Nilifikiria wiki mbili nzima, na nilikuwa bado nafikiria asubuhi aliyobeba begi lake akaenda kwa mjomba, Ukambani, kufanya kazi za ujenzi.

"Nikisema nilikoipata, wenyewe watanimaliza," alinieleza mlangoni. "Nisiposema, polisi watanimaliza. Siku ile hiyo kitu itatoka kwa nyumba ya Mwaitu, nitarudi. Siwezi kulala juu yake tena."

Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na mtaa mzima humwita hivyo. Kwake alisema tu kwamba amepata kazi nzuri zaidi.

Miaka minne ikapita. Sijui niielezeje nyumba isiyo na kaka. Visu vyote vilikuwa butu. Yeye ndiye aliyekuwa akivinoa, Jumapili mchana, kwenye jiwe lililo karibu na mfereji, akivijaribu kwa unywele wa mkono. Fundi wa kunoa alipopita mtaani, mama alimwambia hatuna visu. Tukawa tunakata nyanya kwa kuzisukuma. Saa kumi na moja jioni mama alikuwa akinyamaza kidogo, akiinamisha sikio, kwa sababu ndiyo saa ambayo kaka alikuwa akipiga mluzi akiwa langoni, ili sufuria ipande motoni, naye aingie na matumbo yaliyofungwa kwa karatasi. Kaka alipiga simu kila Jumapili. Aliongea na mama kuhusu mvua, kisha akaniomba mimi.

"Hiyo kitu bado iko?"

"Iko."

"Umeshafikiria?"

"Bado nafikiria."

"Hiyo digrii yako ni ya nini lakini?" Alicheka, lakini baada ya mwaka wa tatu alikuwa akiuliza swali lile bila kicheko.

Niliimaliza ile digrii, nikakaa nyumbani miezi minane, kisha nikapata kazi ya muda katika ofisi moja ya mtaa wa Kilimani. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, madirisha makubwa, chai ya tangawizi, na meza ndefu ambako watu walioalikwa walijadili kama polisi wawalipe raia wanaosalimisha bunduki. Nilipoambiwa mada siku ya kwanza, niliinama kama ninayetafuta kalamu iliyoanguka.

Waliijadili Jumanne baada ya Jumanne. Afisa mmoja mstaafu wa polisi, mtu mpole aliyekuwa akitia sukari vijiko vinne, alipinga kabisa.

"Ukinunua bunduki umefungua duka," alisema. "Mtu ataleta iliyooza, achukue pesa, aongezee kidogo, anunue nzima. Tutakuwa tumemsaidia kubadilisha."

Mama mmoja aliyewakilisha wafanyabiashara wa mifugo akamkatiza. "Na mkisema alete bure, nani ataleta? Wewe mwenyewe, mzee, ungeacha ng'ombe wako kwa mlango wa polisi urudi nyumbani ukiimba?"

"Ng'ombe si bunduki."

"Ndiyo maana ng'ombe wanarudishwa."

Watu walicheka. Mimi niliandika. Wakili aliyekaa karibu na dirisha hakucheka. Alisema kwamba pesa inawachelewesha. Aliyeishika bunduki kwa nia mbaya haji, kwa malipo wala kwa bure. Anayekuja ni mjane, au mama, au ndugu, mtu aliyeachiwa kitu asichokitaka. Huyo haulizi atalipwa kiasi gani. Anachotaka kujua ni kitu kimoja: nikifika pale mezani, nitaulizwa nini?

Siku iliyofuata msimamizi wangu aliniita. "Hapa kwa wakili, mbona umeandika maneno yaleyale mara mbili?"

"Nilifikiri ni muhimu," nikasema.

Suala la malipo halikuisha. Lakini walikubaliana kwamba, wakati wakiendelea kubishana, uwepo mwezi mmoja wa majaribio katika mitaa ya magharibi, yetu ikiwemo. Mtu angeweza kupeleka silaha kwa chifu, kwa mchungaji au kwa imamu, naye angeifikisha kituoni bila aliyeileta kuulizwa chochote. Niliyaandika maneno hayo neno kwa neno. Kisha, kwa sababu ndivyo nilivyo, nilitumia wiki tatu kati ya nne kujiuliza kama ni mtego.

Nilimwendea mchungaji wetu zikiwa zimebaki siku tisa. Ndiye aliyemfundisha kaka shule ya Jumapili. Nilimweleza yote nikitazama kalenda iliyo nyuma yake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Usiilete siku ya kazi," alisema. "Hapa kila anayepita na mfuko anaulizwa umebeba nini. Jumapili kila mtu ana mfuko. Iweke ndani ya mfuko wa ndengu, uje kama watu wengine, lakini usipite mbele. Pita mlango wa nyuma. Baada ya ibada nitakaa kile chumba kidogo, nitakungoja."

Hapa inafaa niseme kanisa letu lilivyo. Wengi wetu ni watu wa Ukambani, na asiye na pesa ya sadaka huleta alichonacho: mayai, kuku, miwa, gorogoro moja ya mahindi, lile kopo la kilo mbili. Vitu hivyo hupangwa mbele, na baada ya ibada wazee huvipiga mnada. Ni saa ya furaha kuliko zote. Watu hununua kwa bei ya utani, na mara nyingi aliyenunua hachukui. Humpa mgeni, au mjane, au hurudisha kiuzwe tena. Kuna kuku mmoja aliyeuzwa mara tano akalala palepale madhabahuni.

Jumapili ile niliamka mapema. Mama alipoingia kuoga niliitoa soksi ndani ya gambuti. Risasi zilikuwa peke yake ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka; kaka alizitenga siku za mwanzo. Nilivifukia vyote ndani ya mfuko wa gorogoro tatu za ndengu, nikaufunga kwa uzi mwekundu, nikauweka mezani, nikaenda kuvaa. Nilibadilisha shati mara tatu. Nilijiuliza ni shati gani linafaa mtu asiyeficha kitu.

Niliporudi meza ilikuwa tupu. Simu ilikuwa na ujumbe wa mama, aliyekuwa ametangulia na wenzake wa maombi: *Nimeiona sadaka yako. Nimebeba mimi. Mungu akubariki.*

Tangu nimalize chuo sikuwahi kupeleka chochote kanisani, na jambo hilo lilikuwa likimuuma kimyakimya. Nilikimbia njia yote. Nilipofika, wimbo wa kwanza ulikuwa umeanza na mfuko wangu, uzi mwekundu juu, ulikuwa mbele kabisa kati ya trei ya mayai na jogoo aliyefungwa miguu. Mama aligeuka akanitafuta kwa macho. Nilipomwona anavyotabasamu nilitaka kulia.

Nilimwandikia mchungaji ujumbe. Simu yake ilikuwa imezimwa, maana alikuwa akihubiri. Sikumbuki alihubiri nini. Alipomaliza alitoa baraka, akatoka kwa mlango wa pembeni, akaenda kuningoja katika chumba kidogo, kama tulivyopatana. Nami nikasimama katikati ya kanisa nikifikiria: nimfuate, niuache mfuko? Au nikae na mfuko, nimwache? Nilikuwa bado nafikiria mzee wa mnada alipouinua juu.

"Kaeni chini, watu wa Mungu! Tunaanza na hii. Sadaka ya mtoto wa Mwaitu, amemaliza chuo, ameanza kazi, ametukumbuka!" Alikuwa na bucha, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Ndengu za Mwingi! Nzito, sikieni! Hazina jiwe hata moja!"

"Mia tatu!"

"Mia tatu ni ya harufu. Nani anataka ndengu zenyewe?"

"Mia nne!"

"Elfu moja!" nikasema.

Kanisa zima liligeuka. Mzee wa mnada alinitazama juu ya miwani yake.

"Ngoja, ngoja. Si hii ni yako?"

"Nimeipenda."

"Umeipenda! Si ungeibakisha nyumbani basi?" Kicheko kikapanda mpaka kwa kwaya. "Mtoto, Mungu hapewi na mkono wa kulia akinyang'anywa na wa kushoto. Mwenye sadaka hanunui sadaka yake. Hiyo ni sheria ya hapa, hata marehemu baba yako angekwambia. Nani mwingine?"

Nilijua sheria hiyo tangu utotoni. Katika mambo yote niliyoyafikiria kwa miaka minne, hilo sikulifikiria.

Akasimama mama mmoja wa safu ya nyuma, anayeuza matumbo kwa jumla karibu na kichinjio. "Elfu moja na mia moja! Na isiletwe kwangu. Mpeni Mwaitu. Kijana wake ndiye alikuwa ananichagulia matumbo masafi, na siku nyingi sijamwona. Achukue ndengu, apike, amkumbuke."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alienda mbele akicheza, akapokea mfuko kwa mikono miwili. Alikataa kabisa nimbebee. Nilipofanikiwa kupenya hadi chumba kidogo, mchungaji alikuwa amekaa na Biblia mapajani.

"Umechelewa. Iko wapi?"

"Imenunuliwa."

"Na nani?"

"Amepewa mama."

Alifumba macho. Kisha tukatoka, yeye na viatu vyake vya madhabahu, tukikata njia ya nyuma ya nyumba za mabati.

Tulimkuta mama amekaa kwenye kigoda, ndengu zimemwagwa kwenye ungo ili azichague mawe. Ndivyo afanyavyo, hata ukimwapia kwamba hazina jiwe atachagua. Kando ya ungo, juu ya kanga, kulikuwa na bastola na lile kopo. Soksi ilikuwa mkononi mwake. Ilikuwa soksi ya kijivu yenye kiraka cha uzi wa kahawia kisiginoni, kiraka alichokishona yeye.

Hakutuuliza ile bunduki ni ya nani. Aliigeuzageuza soksi.

"Hii ndiyo inamzuia kurudi?"

"Ndiyo," nikasema.

"Ilikuwa wapi?"

"Ndani ya gambuti."

Alitazama chini ya kitanda. Najua alihesabu zile Jumamosi zote, kwa sababu nami nilizihesabu wakati uleule. Nilingoja anifokee. Alikung'uta ndengu zilizoshika kwenye sketi yake, akasimama, akajifunga kitambaa cha kichwa upya.

"Twende tuitoe."

"Mama, ngoja kwanza tufikirie," nikaanza.

"Umefikiria vya kutosha."

Kituoni kulikuwa na afisa kijana aliyekuwa akila muwa. Mchungaji alianza kueleza kuhusu mwezi wa majaribio, lakini mama alikuwa ameshaweka kanga kwenye kaunta na kuifungua. Afisa aliacha kutafuna. Na licha ya kumbukumbu zangu zote za Kilimani, swali likamtoka lenyewe.

"Mama, umeitoa wapi hii?"

"Nimepewa kanisani."

"Kanisani?"

"Leo. Watu wote waliona. Ilipigwa mnada." Akamwelekeza mchungaji kwa kidevu. "Muulize huyu."

"Ni kweli," mchungaji alisema polepole. "Kwa namna fulani, ni kweli."

Afisa alitutazama mmoja mmoja, kisha akaita mkubwa wake, aliyekuja na karatasi ya yale maagizo. Walisoma. Waliandika kwamba imepokelewa kutoka kwa mchungaji. Hawakuuliza tena. Tulipokuwa tukitoka, yule mkubwa alisema kwa wema, "Mama, mngengoja kidogo. Nasikia hata malipo yatakuja."

"Mimi nimelipwa ndengu," mama akasema. "Zinatosha."

Jumanne nilikaa kwenye meza ndefu na daftari langu. Afisa mstaafu alisema duka, mama wa mifugo akasema ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na haki kiasi fulani. Nilimfikiria kaka miaka minne iliyopita: angelipwa asingekubali, maana pesa ile ingenuka. Lakini kama pangekuwepo meza ambapo angeweka kile kitu na kugeuka bila kuitwa, angelala nyumbani usiku uleule. Niliandika hilo mwishoni mwa ripoti, kama jambo lililomtokea mtu fulani. Msimamizi alilikata, alisema halikusemwa na mjumbe yeyote.

Simu ya kaka ilikuja Jumapili.

"Hiyo kitu bado iko?"

"Imetoka. Mwaitu mwenyewe ameipeleka."

Nilisikia upepo wa huko aliko, na mtu akigonga mawe. Nilidhani atapiga kelele za furaha. Aliniuliza tu, "Na ananiwaza vipi?"

Hilo pia sikuwa nimelifikiria. Nilidhani kilichomzuia ni chuma. Nilimpa mama simu. Mama alimuuliza kama huko mvua imenyesha.

Wiki mbili baadaye alisema atakuja, Jumamosi, gari la asubuhi. Mama alizipika zile ndengu, kwa nazi na nyanya zilizosukumwa, akanipa kwenye bakuli lake la plastiki lenye kifuniko cha samawati niende nimpokee stendi ya River Road, asije akafika na njaa. Bakuli lile haliazimwi mtu. Kuna jirani aliyekaa nalo wiki mbili, na mpaka leo mama humsalimia kwa ufupi.

Nilimngoja mbele ya duka la misumari na mabati, wachapishaji wakipita na mafungu ya kadi za harusi. Aliposhuka sikumtambua mara moja. Alikuwa mwembamba, mweusi kwa jua, na alisimama pembeni akiacha watu wote wapite kwanza, yeye aliyekuwa akipita watu kwa bega.

"Digrii," akasema. "Umenenepa kwa mawazo."

Tuliingia hoteli ndogo tukaagiza chai mbili ili tukubaliwe kukaa. Alifungua kifuniko, akazinusa zile ndengu, akala bila kuinua kichwa mpaka akafika nusu. Akanisimulia nyumba anazojenga. Nikamsimulia zile Jumamosi za mama na gambuti, kisha mnada, na nilipofika kwa yule mama wa matumbo alicheka hadi akafuta macho, kisha akaendelea kuyafuta wakati kicheko kimekwisha.

Tulipotoka, gari za Dagoretti zilikuwa zikiita upande mmoja na za Ukambani upande mwingine. Alisimama katikati.

"Si leo," alisema. "Nimedhani nitaweza. Nikifikiria akipanguza hizo viatu... Sijui nitaingiaje kwa mlango. Nipe siku kidogo."

Nilikuwa na maneno mengi. Niliyapima yote, na kabla sijachagua alikuwa amechukua bakuli mkononi mwangu.

"Liache nilirudishe nyumbani," nikasema. "Unamjua Mwaitu."

"Namjua." Alilipangusa kwa shati, akalitia kwenye begi lake, akafunga zipu. "Mwambie liko kwangu."

Nilipofika nyumbani ilikuwa saa kumi na moja. Mama alikuwa langoni. Alitazama nyuma yangu, mbali mpaka kwenye kona, kisha akatazama mikono yangu mitupu.

"Bakuli liko wapi?"

"Amebaki nalo. Amesema nikwambie liko kwake."

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi na mjumbe, wala hakirudishwi kitupu. Anayekishika hukileta mwenyewe, na kitu ndani. Mama alilifikiria hilo, na kwa mara ya kwanza nilimwona akifikiria kama mimi, macho yakienda huku na huku. Kisha akaingia ndani. Nilimsikia akifungua droo ya jikoni, na nilipochungulia uani alikuwa amevitoa visu vyote, vile butu, akivipanga kimoja kimoja kwenye lile jiwe karibu na mfereji.